Jiko la choma la gesi lenye kichomeo cha pembeni: maswali kutoka Tosamaganga

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kupeleka vijijini mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, maswali ninayoulizwa kama fundi wa majiko ya gesi yamebadilika. Zamani watu waliniuliza kama mtungi unaweza kulipuka usiku wakiwa wamelala. Siku hizi mtu ameshazoea kuchemshia chai na sasa anataka kuchoma mbuzi. Haya hapa ni maswali ya Tosamaganga, Ipamba na Kalenga, huku kwetu Iringa, na majibu yangu.

Shikamoo fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni karibu na misheni. Wanaokuja kuuguza hospitalini na wazazi wa wanafunzi wanataka nyama choma na ugali jioni. Nimeona mjini jiko la vichomeo vitatu lenye kichomeo cha pembeni, linang'aa kweli. Ninunue?

Marahaba, mama. Mng'ao uache kwanza, tuanze na hicho cha pembeni, maana ndicho kitakachokupa raha au kukutia hasara.

Majiko haya hutengenezwa kwa kufikiria mapishi ya Marekani na Ulaya. Huko kichomeo cha pembeni ni cha kisufuria cha sosi, au cha kupasha maharage ya kopo huku nyama ikiiva. Aliyekichora hakumfikiria mtu anayesonga ugali wa watu kumi. Kusonga kuna nguvu yake: mwiko unakandamiza sufuria chini, unaivuta kwako, unaisukuma kando, na ugali ukishakaza mtu anaweka na bega. Sasa chungulia chini ya hiyo meza ya pembeni. Mara nyingi utakuta bati jembamba lililoshikiliwa na skrubu nne ubavuni mwa jiko. Miezi michache ya ugali inatosha kulegeza skrubu hizo, na sufuria ya ugali wa moto ikiteleza, inamwagikia miguuni pa mpishi.

Kwa hiyo nenda dukani na sufuria yako na mwiko wako. Usione haya. Weka sufuria juu ya kichomeo cha pembeni, mwambie kijana wa duka ashike mkono mmoja wa sufuria kama mnavyofanya nyumbani, halafu kandamiza mwiko kama unasonga. Tazama mambo matatu. Je, meza inabonyea? Jiko linainuka upande wa pili? Vyuma vinavyobeba sufuria vinateleza kwenye matundu yake? Likitokea moja tu, liache hilo jiko hapo hapo, hata wakikupunguzia bei.

Angalia pia nguvu yake. Nyuma au ndani ya kabati kuna kibati kinachotaja kilowati. Vichomeo vingi vya pembeni vina kilowati 2.5 hadi 3, sawa na jiko la kawaida la pleti. Zinatosha mchuzi, wali wa familia na ugali wa watu watano au sita. Kwa ugali wa wageni kumi na watano hazitoshi, maji yatachelewa kuchemka na wageni watakuwa wameshamaliza nyama.

Kwa nyumba ya wageni, ushauri wangu ni huu: nunua jiko la choma zuri lisilo na kichomeo cha pembeni, kisha ununue kando jiko la gesi la chini, lile zito la chuma cha kusubu lenye miguu mitatu au minne. Fedha utakayookoa upande mmoja italipia upande wa pili. Kichomeo cha pembeni kinamfaa zaidi mwenye familia ndogo anayechoma Jumapili.

Mimi nina ule mtungi wa kilo 6 wa ruzuku. Unaweza kuendesha jiko la choma?

Unaweza, lakini si vichomeo vyote kwa pamoja kwa muda mrefu. Sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13. Jiko la vichomeo vitatu vya kilowati 3 kila kimoja, pamoja na cha pembeni cha kilowati 3, ukifungua vyote hadi mwisho linakula karibu kilo nzima kwa saa. Mtungi wa kilo 6 unakwisha ndani ya saa sita na ushee. Kweli, hakuna anayechoma kwa moto mkubwa saa sita mfululizo, lakini sasa unajua mtungi uliozoea kukaa mwezi kwenye chai na mboga utaisha baada ya sherehe ngapi.

Sababu ya pili ndiyo inayowashangaza watu wa huku kwetu juu. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji joto, ambalo hulichukua kwenye ukuta wa mtungi. Ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, unatoka umande, na jioni ya Juni au Julai utaona hata barafu nyeupe imeushika sehemu ya chini. Hapo presha inashuka na moto unasinzia, ilhali gesi bado imo. Butane, ambayo ni sehemu ya gesi hii, huacha kuchemka kwenye nyuzi karibu sifuri, hivyo mtungi mdogo uliopoa unaiacha ndani. Wengi hudhani wameibiwa. Wengine humwagia mtungi maji ya moto au kuusogezea makaa. Usithubutu. Zima kichomeo kimoja, uache mtungi upumue.

Dawa yake ni mtungi wa kilo 15. Una ukuta mpana zaidi na gesi nyingi zaidi, kwa hiyo haupoi haraka. Kumbuka tu kwamba regulata ya mtungi mdogo mara nyingi haiingii kwenye mkubwa, na makampuni yenyewe hayafanani. Beba mtungi hadi dukani, regulata ijaribiwe ukiwa unaona.

Kamwene fundi. Kwetu mlimani upepo ni mkali kuanzia mwezi wa saba. Jiko niliweke wapi?

Kamwene. Watu wengi huelekeza mgongo wa jiko kwenye upepo, wakiamini kifuniko kitaukinga. Ni kosa. Tundu la kutolea joto liko nyuma ya kifuniko. Upepo ukiingilia hapo, joto lote linasukumwa mbele, kwenye swichi na mipira ya gesi. Nimeshafungua majiko ambayo swichi za plastiki zimeyeyuka kama mshumaa kwa sababu hiyo tu. Upepo upige ubavuni au usoni pa jiko.

Kichomeo cha pembeni ndicho kinachoteswa na upepo, kwa kuwa hakina kifuniko sufuria ikiwa juu. Kikinge kwa bati upande unakotoka upepo, ila usiuzungushie mtungi mabati pande zote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kujikusanya penye shimo au kona. Mtungi unahitaji nafasi wazi kwa chini.

Kuhusu mwinuko wetu, tupo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana makande na maharage ya Tosamaganga huchukua muda kuliko ya Dar es Salaam. Loweka usiku kucha, la sivyo kichomeo cha pembeni kitakula gesi ya nyama. Hewa yetu nyepesi pia inaweza kufanya moto uwe wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria. Chini ya kichomeo kuna kidirisha cha hewa chenye skrubu. Kifungue kidogo kidogo hadi moto uwe wa bluu na ncha zitulie.

Niambie ukweli: nyama ya gesi ina ladha kama ya mkaa?

Inakaribia sana, ukijua kuchoma. Sehemu kubwa ya harufu tunayoipenda hutoka kwenye mafuta na maji ya nyama yanayodondokea kitu cha moto na kurudi juu kama moshi. Jiko la gesi zuri lina vibati vyenye umbo la paa juu ya vichomeo kwa kazi hiyo. Washa, funika, subiri dakika 10 hadi 15 vibati na wavu vishike moto, ndipo uweke nyama. Anayeweka nyama kwenye wavu baridi anaichemsha.

Kama unataka na moshi wa kuni, tafuta vijiti vikavu vya mpera, uvifunge kwenye karatasi ya foili yenye matundu na kuviweka juu ya kichomeo kimoja. Mabaki ya mbao za paini yamejaa huku kwetu kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill, lakini utomvu wake hufanya nyama iwe chungu. Vipande vya nguzo za umeme ni hatari zaidi, kwa kuwa zimetiwa dawa yenye sumu. Visikaribie chakula kabisa.

Kitimoto kina mambo yake. Mafuta yake ni mengi, na ukikiweka juu ya moto wote, moto unaruka hadi kwenye kifuniko. Washa vichomeo viwili, cha tatu kiache kimezimwa, nyama ikae upande wa kilichozimwa huku kifuniko kimefungwa. Karibu na mwisho ihamishie kwenye moto ikauke ngozi. Kuku wa kienyeji na samaki wakubwa wa Mtera nao huiva vizuri kwa njia hiyo. Na trei ya mafuta imwage kila baada ya kuchoma. Majiko mengi niliyoletewa yameungua kwa mafuta ya wiki iliyopita.

Ndugu yangu yuko Marekani, ananitumia jiko lake la zamani. Kuna shida?

Mwambie apige picha ya kibati kabla hajalipa meli. Kibati kiseme jiko ni la gesi ya mtungi, yaani propane au LPG. Majiko mengine ya huko ni ya gesi asilia ya bomba, na nozeli zake zina tundu kubwa. Ukilifunga la namna hiyo kwenye mtungi wetu, moto unatoka mrefu kupita kiasi na unaweza kukuunguza uso. Nozeli hubadilishwa, ila iwe kazi ya fundi anayejua vipimo.

Mpira na regulata za huko uziache huko, koki zake haziingiliani na mitungi yetu. Nunua hapa regulata ya presha ndogo, ile ya milibaa 28 hadi 30. Usikubali kuuziwa ile ya presha kubwa wanayotumia mama lishe kwenye majiko ya sufuria kubwa, hata muuzaji akiapa kwamba ndiyo inayotoa moto mzuri.

Nitajuaje chuma kizuri?

Beba sumaku. Chuma cha pua cha daraja la juu hakishikwi na sumaku, au kinashikwa kidogo sana. Kile cha bei nafuu kinashikwa vizuri. Huku hatuna chumvi ya bahari kama Tanga au Unguja, kwa hiyo cha kawaida kitakaa miaka ukikifunika masika. Usikubali wavu wa chuma chembamba uliopakwa rangi ya fedha.

Jiko lilikaa tangu Pasaka bila kuwashwa. Jana nililiwasha, moto ukatokea nyuma ya swichi. Nini hiki?

Buibui. Wanapenda kufuma ndani ya bomba la kichomeo, na gesi ikikuta utando inarudi nyuma. Zima kwenye mtungi, chomoa vichomeo, safisha mabomba kwa brashi ndefu nyembamba, vipulizie, uvirudishe vikae sawasawa juu ya nozeli. Kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira ukiwa umefungua gesi bila kuwasha. Povu likitengeneza mapovu yanayokua, panavuja. Njiti ya kiberiti si kipimo cha kuvuja, jamani. Na unapowasha jiko lolote la choma, kifuniko kiwe wazi.

Mvua ikinyesha naweza kulisogeza jikoni, au kwenye banda la nyasi?

Hapana, kote kuwili. Jikoni utavuta hewa yenye sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Banda la nyasi nalo litashika moto siku kitimoto kikiruka. Jenga paa la bati refu, pande zote wazi.

Gesi yangu inaisha haraka kuliko ya jirani. Naibiwa?

Huenda, na huenda moto wako ni wa njano tu. Kipimo ni rahisi: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, karibu na mkono wa kushikia. Ongeza kilo 6 au kilo 15, kisha mwambie muuzaji auweke kwenye mizani kabla hujalipa. Kama duka halina mizani, nenda duka jingine.