Silaha za Kuazima
Somo: 1 Samweli 17:38-39, Waefeso 6:11-17

Huko Marekani kuna chama kilichoanza 1966, mjini Berkeley, California. Watu hucheza vita vya zamani vya Ulaya kwa panga za henzirani. Wengi hujitengenezea dirii nyumbani kwa chuma, ngozi, hata plastiki ya mapipa. Kabla ya pambano, silaha zinakaguliwa. Chapeo isiyokutosha inacheza kichwani. Pigo likija, inakuumiza wewe.

Daudi alivua silaha za Sauli kwa sababu hakuwa amezijaribu. Na wewe mpendwa, umevaa maombi ya nani? Ya mama? Ya mchungaji? Usiku ule mtoto anazidiwa na simu ya mchungaji imezima, utavaa nini?

Wiki hii omba mwenyewe, kila asubuhi. Jaribu silaha zako mapema. Amina.