Kibarua na Daftari Lake

Somo juu ya kazi ya muda, ujira mdogo na wizi wa vitu vidogo katika Kitui na Makueni

Katika masoko ya Wote, Emali, Mutomo na Mwingi husikika malalamiko ya namna mbili. Wenye mashamba na maduka hunung'unika kwamba kitu kikiachwa nje usiku hakionekani asubuhi: leo jembe, kesho kuku wawili, kesho kutwa debe la ndengu au maembe ya mti mzima. Vibarua nao hunung'unika kwamba kazi ni ya siku mbili tatu, ujira hautoshi unga na sukari, na hata huo mdogo hauji kwa wakati wake. Kila upande huuona mwingine kuwa ndio wenye makosa. Lakini mtu akiyachunguza mambo haya kwa utulivu ataona kuwa yameshikana kama kamba na ndoo, na kwamba iko dawa moja iyafaayo yote. Dawa hiyo ni maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mtu nayo ni mali yake.

JINA LA KIBARUA

Neno "kibarua" lenyewe lina mafundisho. Maana yake ya asili ni barua ndogo. Katika karne ya kumi na tisa, huko Unguja, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa cheti kidogo, na alipokirudisha cheti kile alilipwa ujira wake. Watu wakazoea kumwita mtu kwa jina la cheti alichoshika. Basi kibarua wa kwanza alikuwa mtu mwenye ushahidi mkononi.

Baadaye, katika bara ya Kenya, yalikuja maandishi ya namna nyingine. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikitia ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo yaliandikwa majina ya matajiri wake na kazi alizozifanya, na bila sahihi ya tajiri mtu hakuweza kuondoka kazini kwa halali. Maandishi yalikuwapo, lakini yalimlinda tajiri na kumfunga mfanya kazi. Kipande kile kiliondolewa miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea kwisha.

Siku hizi kibarua aliye wengi hana cheti wala kipande. Huitwa kwa simu, huambiwa "kesho njoo saa moja," na ujira hupatanwa kwa mdomo tu. Likitokea jambo, ni neno la huyu juu ya neno la yule, na neno la mnyonge ndilo huwa jepesi.

KWA NINI KAZI NI YA MUDA

Sababu ya kwanza ni mvua. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: za masika kuanzia Machi hata Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hata Desemba, na katika sehemu nyingi wakulima hutegemea zaidi zile za vuli. Basi mikono mingi hutakiwa wakati wa kupanda, wa kupalilia, wa kuvuna ndengu na kunde, na wa kuchuma maembe. Kazi ikiisha, watu huambiwa waende zao.

Sababu ya pili ni kwamba kazi kubwa zijapo nazo huwa na mwisho wake. Reli mpya ya kutoka Mombasa hata Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na wakati wa kuijenga vijana wengi walipata kazi ya kuchimba, kubeba na kulinda. Reli ilipokwisha, kazi zile zilikwisha pia. Ujenzi wa bwawa la Thwake, ulioanza mwaka 2018 katika Makueni karibu na mpaka wa Kitui, nao ni kazi ya namna hiyo.

Sababu ya tatu ni ya zamani, nayo yafaa ieleweke vizuri. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa makampuni na matajiri wa mijini walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja, sembuse mke na watoto. Matajiri walihesabu kwamba mfanya kazi ana shamba kwao, na mkewe analima. Kwa hiyo walimlipa kana kwamba hana jamaa. Naye, kwa kuwa mshahara haukutosha, hakudumu kazini. Alirudi nyumbani kila mara. Na kwa kuwa hakudumu, hakujifunza ufundi wa kumpatia mshahara mkubwa zaidi. Ujira mdogo ulifanya kazi isidumu, na kazi isiyodumu ilifanya ujira uzidi kuwa mdogo. Mtu wa Kitui anayefanya kibarua siku nne akakaa siku kumi bila kazi yumo bado ndani ya duara hiyo.

SHERIA YASEMAJE JUU YA UJIRA

Wengi hudhani kwamba kibarua hana sheria. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya kupata malipo ya haki. Tena iko Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na ndani yake yamo mambo matatu yanayomhusu kibarua hasa.

La kwanza ni siku ya kulipwa. Kibarua wa kutwa hustahili ujira wake jioni ya siku ile ile. Aliyepatana kazi ya zaidi ya siku moja isiyozidi mwezi hulipwa muda ule unapokwisha.

La pili ni muda wa kazi. Mtu aliyeandikwa kama kibarua, akiendelea kufanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, huhesabiwa na sheria kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi. Katika hesabu hiyo siku ya mapumziko ya kila juma huingia, na sikukuu za serikali pia. Akiendelea miezi miwili au zaidi, hustahili haki zile zile ambazo angalizipata kama asingalianza kwa kibarua. Tajiri anayemwita mtu "kibarua" mwaka mzima hutumia jina tu. Sheria huzihesabu siku.

La tatu ni kima cha chini cha mshahara. Serikali hutoa amri ya mishahara, na amri hiyo huigawa nchi katika sehemu tatu: miji mikubwa, miji iliyokuwa na manispaa, na mahali pengine pote. Kwa amri ya mwaka 2022, mfanya kazi asiye na ufundi aliwekewa kima cha karibu shilingi 15,200 kwa mwezi katika miji kama Nairobi na Mombasa, na karibu shilingi 8,100 katika sehemu ile ya mwisho. Wafanya kazi wa mashamba wana orodha yao peke yake. Mwezi wa Novemba 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Kumlipa mtu chini ya kima ni kosa, hata kama mwenyewe alikubali kwa sababu ya njaa.

KITU KIKIPOTEA KAZINI

Hapa ndipo wizi na ujira hukutana. Chukua mfano huu. Watu watano wamepatana kuchuma maembe katika shamba kwa siku sita, kila mmoja shilingi 500 kwa siku. Jumamosi jioni kila mmoja anadai shilingi 3,000. Lakini bomba la kunyunyizia dawa halionekani. Mwenye shamba anasema: "Hakuna atakayelipwa hata bomba lipatikane."

Hasira ya mwenye shamba yaeleweka, kwa maana bomba ni mali na pengine alilinunua kwa mkopo. Lakini amekosa. Sheria humruhusu kukata katika ujira kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na mfanya kazi mwenyewe kwa kusudi. Haimruhusu kuwatoza watu watano kosa la mmoja asiyejulikana. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za ujira. Hata mtu aliyestahili kukatwa, katika shilingi 3,000 zake lazima apate shilingi 1,000 mkononi. Na mtu akifukuzwa kazi papo hapo kwa kosa la kweli, hulipwa kwanza siku zote alizokwisha kuzifanya. Mwizi hushitakiwa kwa wizi wake. Jasho lake la juma zima halichukuliwi kuwa faini.

Vile vile, tajiri anayetaka kumfukuza mfanya kazi kwa kumshuku wizi hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazi akiwapo, na kuyasikiliza majibu yake kabla ya kukata shauri. Jambo hili si geni kwa watu wa Ukambani. Hapo kale shauri la wizi lilipelekwa mbele ya wazee, na neno lisipothibitika watu waliweza kuapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoogopwa na wote. Wazee wale walijua kwamba shaka si ushahidi. Wale wanaomkamata kijana sokoni wakampiga kwa kuwa alionekana na gunia hawafuati desturi ya zamani wala sheria ya sasa. Aliyekamatwa hupelekwa polisi, na kwa Katiba hana hatia mpaka mahakama imwone na hatia.

WIZI MDOGO SI MDOGO

Baada ya kusema hayo, lazima isemwe wazi kwamba ujira mdogo hauhalalishi wizi. Aliyeibiwa mara nyingi si tajiri mkubwa; ni mjane mwenye ekari mbili, au mwalimu aliyeweka mshahara wake katika miche ya maembe. Anayeogopa wezi huchuma maembe kabla hayajakomaa na kuyauza kwa bei hafifu. Huajiri ndugu zake tu. Fedha ambayo ingalimlipa mpaliliaji humlipa mlinzi. Hivyo mwizi wa debe moja huwanyima kazi jirani zake kumi.

Sheria nayo haiuiti wizi huo mdogo. Kwa Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida huweza kumpeleka mtu kifungoni miaka 3; mfanya kazi akiiba mali ya tajiri wake, hata miaka 7; na anayepokea mali akijua ni ya wizi, hata miaka 14. Anayenunua jembe kwa bei ya kutupa usiku wa manane na asiulize limetoka wapi na alikumbuke jambo hilo. Kama asingalikuwapo mnunuzi, mwizi angaliiba kwa faida gani?

DAFTARI LA KIBARUA

Basi dawa ni ipi? Kila kibarua na anunue daftari dogo. Kila siku aandike tarehe, jina la mahali, kazi aliyoifanya, saa ya kuanza na kumaliza, ujira waliopatana, na fedha aliyopokea. Jioni amwombe tajiri au nyapara kwa adabu atie sahihi. Akikataa, aandike tu, na mwenzake wa kazi atie sahihi kama shahidi. Akilipwa kwa M-Pesa, asiufute ujumbe ule, kwa kuwa una tarehe, kiasi na jina. Asiyejua kuandika na aandikiwe na mtoto wake aliye shuleni.

Mwenye shamba naye na awe na daftari lake. Vyombo viandikwe asubuhi vinapotolewa na jioni vinaporudishwa, na aliyekipokea kila kimoja atie alama. Hapo bomba likipotea, huulizwa mtu mmoja, wala si watano. Kazi ya miezi mitatu au zaidi sheria hutaka mapatano yake yaandikwe, na kuandika ni juu ya tajiri. Shauri likifika mahakamani naye hana mapatano yaliyoandikwa, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha walipatana nini.

Aliyedhulumiwa ujira aende kwa afisa wa kazi wa serikali na daftari lake. Si lazima awe na wakili. Lakini asikawie, kwa maana madai ya kazi hufungwa baada ya miaka 3, na lalamiko la kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa huyo ndani ya miezi 3.

Daftari halitaleta mvua, wala halitaongeza siku za kazi. Lakini litamtenga mwizi na watu wema, na litazuia ujira wa mtu usiliwe kimya kimya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na ili apewe, lazima hesabu yake ijulikane.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

1. Kwa nini mtu wa kazi ya kutwa aliitwa kibarua?
2. Kijana amefanya kazi katika duka moja siku 40 zinazofuatana, akilipwa kila jioni. Sheria humhesabu kuwa nani?
3. Mwenye shamba aliyepotewa na bomba angalifanya nini asubuhi ili asiwadhulumu watu jioni?
4. Je, anayenunua vitu vya wizi na mwizi mwenyewe, ni yupi anayeharibu kijiji zaidi?