Ngazi za Umeme za Reli ya Chini ya Ardhi: Maswali ya Abiria na Majibu Yake

Ngazi za umeme, yaani ngazi zinazopanda na kushuka zenyewe, ziliwashangaza sana abiria wa London zilipoanza kutumika. Mshangao huo haujaisha, na pamoja nao zimebaki hadithi na hofu ambazo watu huuliza hadi leo.

Zilianza lini?
Katika reli ya chini ya ardhi ya London, ngazi mbili za kwanza zilifunguliwa tarehe 4 Oktoba 1911 kwenye stesheni ya Earl's Court. Ziliunganisha majukwaa ya njia ya District na yale ya Piccadilly yaliyo chini zaidi. Duka la Harrods la mji huohuo lilikuwa na chombo cha namna hiyo tangu 1898.

Si lifti zilikuwapo?
Zilikuwapo. Lakini lifti hubeba watu kwa mafungu, na wanaobaki husubiri irudi, wakati ngazi ya umeme haikatizi mwendo. Treni zilipozidi kushusha watu wengi kwa pamoja, tofauti hiyo ilionekana wazi.

Je, ni kweli watu waliziogopa?
Wapo walioogopa, na hawakukosa sababu. Harrods iliwapa konyaki wateja waliofika juu wakiwa wametetemeka. Ngazi za Earl's Court nazo hazikuishia kama za leo: vidato viliingia chini ya kizuizi kilichokatisha njia kwa mshazari, na abiria alilazimika kutoka kwa kupiga hatua ya pembeni. Muundo wa sasa, ambapo kidato chenye mifereji hupita chini ya bamba lenye meno kama kitana, uliingia katika reli hiyo mwaka 1924 kwenye stesheni ya Clapham Common. Tangu hapo abiria hutoka kwa kutembea mbele tu.

Tunasikia kwamba mtu mwenye mguu mmoja aliajiriwa kupanda na kushuka siku nzima ili kuwatoa watu hofu. Ni kweli?
Anatajwa kwa jina la Bumper Harris, na habari zake zimesimuliwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, ushahidi wa kuaminika wa siku zile kwamba alipewa kazi hiyo haujapatikana, kwa hiyo ni vyema kuichukua kama simulizi. Anayeisimulia hana kosa. Imeandikwa mahali pengi kana kwamba imethibitishwa.

Na ile ngazi ya kuzunguka ya stesheni ya Holloway Road?
Hiyo ilijengwa kweli, mwaka 1906, kwa ubunifu wa Mmarekani Jesse Reno. Ilizunguka kwa mtindo wa konokono ndani ya shimo la lifti, lakini haikuwahi kuingizwa katika huduma ya kawaida ya abiria. Mabaki yake yamehifadhiwa na jumba la makumbusho ya usafiri la London.

Zinaweza kuwaka moto?
Swali hili lina uzito, na jibu linahitaji ukweli wote. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, moto ulianzia chini ya ngazi ya mbao katika stesheni ya King's Cross na kuua watu 31. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell uliona kwamba chanzo cha kuaminika zaidi ni kiberiti kilichowashwa kikapenya pembeni mwa vidato, kikaangukia grisi na takataka zilizorundikana. Ndimi za moto zililala ndani ya mfereji wa ngazi, zikapanda kwa kasi na kulipuka katika ukumbi wa tiketi.
Uvutaji sigara ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku ndani ya stesheni za chini ya ardhi, lakini watu waliendelea kuwasha wakiwa njiani kutoka. Baada ya msiba huo zilitungwa kanuni mpya za kinga ya moto mwaka 1989, na mbao zikaondolewa hatua kwa hatua. Ngazi ya mwisho ya mbao, ya stesheni ya Greenford, iliondolewa 2014.

Nisimame upande gani?
London, simama kulia uwaachie njia wanaopita kushoto. Kwingineko fuata alama za pale ulipo.

Nipande vipi kwa usalama?
Tazama mbele, shika mkono wa mpira, na mshike mtoto mkono. Inua pindo la kanzu, baibui au kanga kabla ya kukanyaga, funga kamba za viatu, na weka miguu mbali na kuta za pembeni, hasa ukivaa kandambili au viatu vya mpira laini. Ukifika mwisho usisimame; walio nyuma yako hawawezi kujizuia.

Nina kiti cha magurudumu, au siziwezi ngazi hizi. Nifanyeje?
Usipandishe kiti cha magurudumu kwenye ngazi ya umeme. Tumia lifti, na kabla ya safari angalia katika ramani kama stesheni unayokwenda inayo, kwa sababu si zote zilizo nazo. Una haki ya kumwomba mfanyakazi msaada bila kueleza ugonjwa wako.

Mtu akianguka au nguo ikinaswa?
Waonye walio kwenye ngazi washike mkono wa mpira, kisha bonyeza kitufe chekundu cha dharura, ambacho huwekwa juu na chini ya ngazi. Mwite mfanyakazi mara moja. Katika dharura ya kweli usisubiri ruhusa ya mtu kukibonyeza.