Mwanangu ameacha Misa. Je, Mtakatifu Monika hanisikii?

SWALI: Mimi ni mjane wa miaka 61, naishi Rombo. Kitinda mimba wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Ameacha kabisa kwenda Misa, anasema siku hizi kanisa ni michango tu. Anaishi na binti bila ndoa na wamezaa mtoto ambaye sijamtia machoni. Krismasi ya mwaka juzi nilimwambia kwenye simu asikanyage kwangu mpaka aungame na kubariki ndoa. Hakuja. Krismasi iliyopita pia hakuja, na simu zangu hapokei. Nimesali novena ya Mtakatifu Monika tena na tena. Wenzangu wa jumuiya wanasema imani yangu ni haba. Mama mmoja wa maombi ameniambia akiniombea yeye mambo yatafunguka, ila nitangulize sadaka ya laki mbili. Je, Monika hanisikii? Au nitoe hiyo hela?
Mama wa Rombo

JIBU: Mama, shikamoo.

Hizo laki mbili usizitoe. Novena haina bei. Hata kuhusu sadaka ya Misa, ambayo ni desturi halali, sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waumini, hasa maskini, hata wasipopewa kitu. Anayemtaka mjane atangulize fedha ndipo amwombee, mkimbie. Hela hiyo ina kazi nyingine, nitakueleza.

Sasa tuje kwa Monika, maana nadhani unamjua nusu. Unamjua Monika wa machozi. Kuna jambo jingine alilofanya ambalo mara nyingi hatusimuliwi, nalo linakuhusu wewe moja kwa moja.

Alikuwa Mwafrika wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mwanawe Agustino alizaliwa mwaka 354. Alipokwenda kusoma Karthago akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Akiwa na miaka 19 akajiunga na Wamani, kundi lililodharau sehemu ya Maandiko ambayo mama yake aliyaheshimu. Baadaye akarudi Thagaste kufundisha. Unajua Monika alimfanyia nini? Alimfungia mlango. Alikataa kuishi naye nyumba moja na kula naye meza moja. Agustino mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo.

Kwa hiyo ulilolifanya wewe, Monika alilifanya kabla yako. Ila yeye hakuishia hapo. Aliota ndoto: amesimama juu ya ubao mrefu akilia, akatokea kijana anayeng'aa, akamuuliza kinachomliza. Akajibu kwamba anamlilia mwanawe anayepotea. Kijana akamwambia atazame vizuri. Alipotazama akamwona Agustino amesimama kando yake, juu ya ubao uleule. Baada ya ndoto hiyo akamrudisha mwanawe nyumbani na mezani.

Angalia mpangilio huo, mama. Agustino hakuwa ametubu. Alikuwa bado Mmani, bado ana yule mwanamke, bado anabishana na mama yake. Ubatizo wake ulikuja mwaka 387, zaidi ya miaka kumi baadaye, katika mkesha wa Pasaka huko Milano, mikononi mwa Askofu Ambrosi. Chakula cha mama yake alikila muda mrefu kabla ya hapo. Wewe umeweka toba kwanza na chakula baadaye. Geuza.

Kuhusu binti, hapo nakuomba usimfuate Monika. Walipokuwa Milano, Agustino alitafutiwa mchumba wa kumfaa, na Monika ndiye aliyelishughulikia zaidi. Mama wa Adeodatus, aliyekuwa ameishi na Agustino miaka mingi, akarudishwa Afrika na mtoto akabaki. Agustino aliandika kwamba moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Jina la mwanamke huyo hata halikuandikwa, na kila nikifika kwenye kurasa hizo naumia kwa ajili yake. Watakatifu hatuwaheshimu kwa sababu hawakukosea popote. Mwanao akitaka kubariki ndoa siku moja, atakayesimama naye mbele ya padre ni huyohuyo binti, mama wa mjukuu wako. Akijua humtaki, mwanao naye atakaa mbali.

Unauliza kama Monika anakusikia. Naamini anakusikia. Lakini hakuna mtakatifu wa kumshika mtu mzima mkono na kumburuta hadi kanisani. Monika alimsihi askofu mmoja azungumze na Agustino. Askofu huyo mwenyewe alikuwa amelelewa na Wamani, lakini alikataa, akamwambia amwache kijana kwa sasa, aendelee tu kumwombea. Alipozidi kulia na kusihi, akamwambia aende zake, kwa kuwa mwana wa machozi kama yale hawezi kupotea. Wanaokwambia imani yako ni haba waulize kama ya Monika nayo ilikuwa haba, maana alingoja karibu miaka 14 tangu mwanawe ajiunge na Wamani mpaka abatizwe.

Sasa kazi. Kwa kuwa simu zako hapokei, tuma ujumbe, na umtumie na binti; ndugu wa mwanao hawakosi namba yake. Andika kwamba ulikosea kumfungia mlango, na kwamba Krismasi hii unawasubiri wote watatu. Usiongeze Misa, usiongeze kitubio, usiongeze ndoa. Laki mbili iwe nauli yao. Watumie mapema kabla mabasi ya Desemba hayajajaa.

Wakifika, mpikie binti mtori ambao hukumpikia alipojifungua. Mbebe mjukuu. Asubuhi ya Krismasi nenda Misa kama kawaida yako, uage kwamba unakwenda na chai iko kwenye chupa. Asiyetaka kwenda asiulizwe. Mwanao akizungumzia michango, msikilize mpaka amalize, usimjibu kwa niaba ya parokia. Huenda ana la kweli, na huenda wewe mwenyewe umewahi kulinung'unikia.

Novena endelea nayo. Sikukuu ya Monika ni tarehe 27 Agosti, kesho yake ni ya Agustino. Siku ya pili hiyo mwombee mwanao kwa jina lake, na binti naye mtaje kwa jina. Kama jina lake hulijui, ndilo swali la kwanza la kuuliza kwenye ujumbe wako.