Nusukaputi na methadoni

Shangazi, niliacha unga miaka mitatu iliyopita na kila asubuhi napanda matatu kwenda Ngara kunywa methadoni. Sasa nina henia, nimepangiwa upasuaji mwezi ujao. Mke wangu anataka niache methadoni kwanza, halafu nikatae dawa zote za maumivu. Daktari hajui nilikuwa teja, naona haya. Nikipewa nusukaputi, si nitarudi nilikotoka?
Mwenye hofu, Kware

Mwanangu, mkeo anakupenda, lakini hapo amekosea. Ukikatiza methadoni utaingia thieta na arosto, na wewe wajua arosto humpeleka mtu wapi. Kwa kawaida dozi ya asubuhi ya upasuaji hunywewa vilevile. Waombe wahudumu wa Ngara wakuandikie barua inayotaja dozi yako, na mpange utakavyoipata ukilazwa.

Barua hiyo ifike kwa daktari wa nusukaputi, si kwa mpasuaji tu. Ni kweli baadhi ya dawa za thieta, kama fentanili, ni ndugu wa heroini. Ila hutolewa kwa kipimo, umelala, mtu akikuangalia pumzi. Mimi naogopa zaidi usiku wa baada ya kisu. Mwili uliozoea methadoni huhitaji dawa nyingi zaidi za maumivu, na dozi yako ya kila siku haitoshi kuzima uchungu wa kidonda. Asiyejua historia yako atakupa kidogo, ugumie hadi alfajiri, na wauza unga hawako mbali. Haya gani hiyo ya kukufikisha huko?

Uliza kama henia yako yaweza kufanywa kwa sindano ya mgongo, ukiwa macho. Uliza pia kuhusu ganzi ya kidonda, parasetamoli na diklofenaki. Morfini ikihitajika, ipokee wodini bila kujilaumu. Ukiandikiwa tramadoli ya nyumbani, hapo ndipo mkeo ana kazi: aifungie, akupe kwa saa, tembe zitakazobaki zirudishwe famasia. Tembe za usingizi za mtaani usiguse, wala unga. Vikikutana na methadoni huzima pumzi.

Tamaa ikikubana usiku, piga 1192, laini ya NACADA, haina malipo. Na kesho ukifika Ngara, watajie tarehe ya upasuaji kabla hujanywa dozi.