Mapokeo si Kaseti: Usiku Nilipoiona Msondo Ngoma

Masomo ya kusoma kwanza: Ezra 3:10-13; 2 Timotheo 1:5 na 2:1-2; Mathayo 28:20.



Vijana wapendwa, somo la leo linaanzia kwenye ukumbi wa dansi. Najua wapo watakaouliza, frateri na dansi wapi na wapi? Nivumilieni. Baba Paroko mwenyewe alitoa ruhusa, akacheka, akasema tu kwamba Jumapili misa ya kwanza anitake asinikose.

Nilipomaliza falsafa nilitumwa Kibiti kwa mwaka wa uchungaji. Huku Wakatoliki si wengi. Vigango viko mbalimbali, na ukitaka kuingia delta unasubiri maji yajae ndipo boti itoke. Niseme ukweli: nilifika nikiwa mkavu moyoni. Padre aliyenibatiza, ambaye kwa ajili yake nilitamani upadre tangu darasa la nne, alifariki nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Baada yake kila kitu kilionekana kama nakala. Padre aliyemfuata alihubiri vizuri tu, lakini mimi nilikuwa nasikiliza huku nikimtafuta yule wa kwanza. Nikaanza kujisemea, Kanisa nililolipenda limekwisha, nimechelewa. Kwenye daftari langu palikuwa na barua kwa mlezi wangu ambayo nilikuwa nimeiandika nusu.

Mwalimu na redio yake

Hapo ndipo nikamfahamu katekista mmoja mstaafu. Sisi wote tunamwita Mwalimu. Anakaribia miaka 80. Alikuja Rufiji akiwa kijana, akalima mpunga kwenye delta, na usiku alilala juu ya dungu kuulinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Mwenzake wa usiku alikuwa redio ndogo. Mawe yakiisha nguvu aliyaanika juani mchana ili usiku yaseme tena kidogo.

Katika redio hiyo aliipenda bendi moja. Ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, ikaitwa NUTA Jazz. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Muziki wao si wa haraka haraka. Wimbo unaanza na kisa, waimbaji wanakisimulia taratibu na kuitikiana, halafu magita yanashika, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na hapo ni dakika kadhaa za kucheza. Kwa Mwalimu mateso yalikuwa hapo hapo: mara nyingi redioni wimbo ulikatwa utamu ulipoanza, taarifa ya habari ikaingia.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona. Mara nauli hakuna, mara mpunga umeiva, mara mke anaumwa. Siku moja nikampelekea Komunyo nyumbani, na baada ya sala akaniambia, "Frateri, nimebakiza mambo mawili kabla sijaitwa. La kwanza ni kitubio kizuri. La pili ni kuiona Msondo kwa macho."

La kwanza tulilipeleka kwa Baba Paroko. La pili likaniangukia mimi. Na wala sikulalamika, maana hata mimi nyimbo hizo nimekua nazo, baba alikuwa nazo kwenye kaseti.

Usiku wenyewe

Ijumaa moja tukapanda basi Kibiti, tukashuka Mbagala Rangi Tatu. Mwanawe Mwalimu akatupokea, na usiku akatupeleka kwenye ukumbi. Mwalimu alivaa shati la Pasaka. Tuliagiza soda, tukakaa karibu na jukwaa.

Bendi ikapanda. Nami nikaanza kuhesabu nani hayupo.

Muhidin Maalim Gurumo, sauti iliyojaa kwenye zile kaseti za baba, hayupo. Alikuwa NUTA tangu miaka ya mwanzo, mwaka 1978 akahamia Mlimani Park, baadaye akarudi, na alifariki Aprili 2014. TX Moshi William hayupo, alifariki mwaka 2006. Wimbo wa kwanza ukaanza, na mahali ambapo masikio yangu yalingoja sauti ninayoijua, akaimba mtu mwingine. Aliimba vizuri. Lakini kifuani nilihisi kitu kilekile nilichokihisi kwa padre mpya kule nyumbani.

Nikamwinamia Mwalimu sikioni. "Mwalimu, hawa siyo wenyewe. Wenyewe wameshakufa."

Mzee hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka. Baadaye aliniambia alikuwa akiwakumbuka wenzake wa dunguni, waliokuwa wakija na mitumbwi yao kusikiliza redio moja, na ambao wote ametangulia kuwazika. Kisha akanijibu:

"Kwa hiyo siku ukisimama altareni, watu waseme siyo mwenyewe, mwenyewe alikufa?"

Sikuwa na jibu. Tarumbeta zikaingia. Vijana wa rika langu nyuma yetu wakapiga kelele za furaha, maana tangu mlio wa kwanza wa gita walishajua ni wimbo gani, ingawa ulirekodiwa kabla hawajazaliwa. Mwalimu akafuta uso kwa leso, akainuka, akacheza. Wimbo haukukatwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliusikia hadi mwisho.

Somo la kwanza: kilio na shangwe pamoja

Tuliporudi nilifungua Ezra, sura ya tatu. Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, na wajenzi wameweka msingi wa hekalu jipya. Tarumbeta zinapigwa. Wazee walioliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti, na wengi wengine wanapiga kelele za furaha. Mwandishi anaeleza kwamba watu hawakuweza kutenganisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio.

Angalieni jambo moja. Biblia haiwakemei wazee waliolia, na vijana waliofurahi haiwaiti wajinga. Sauti zote mbili zimo katika ibada moja. Kumlilia aliyetangulia si dhambi, na kufurahia kilichopo si usaliti. Kosa langu pale ukumbini halikuwa huzuni. Kosa lilikuwa kuitumia huzuni kama ushahidi kwamba kilichokuwa mbele yangu hakikuwa cha kweli.

Somo la pili: kitu kinabakije kilekile?

Swali hili ni la zamani. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake juu ya Siasa, anauliza kama mji ni uleule watu wake wanapokufa na wengine kuzaliwa. Anatoa mfano wa mto: tunauita mto uleule ingawa maji yanakuja na kuondoka. Pia anatoa mfano wa kwaya: watu walewale wakipangwa kwa namna nyingine wanakuwa kwaya nyingine. Maana yake, kinachokifanya kitu cha namna hii kiwe kilekile si orodha ya majina. Ni mpangilio unaokiunganisha.

Sisi wa Kibiti hatuhitaji kwenda Ugiriki kulielewa hilo. Maji ya Rufiji yaliyomwagilia mpunga wa Mwalimu alipokuwa kijana yalishafika baharini zamani. Ndani ya delta hata mkondo mkubwa umewahi kuhama. Lakini hakuna mvuvi anayesema Rufiji imekufa.

Msondo hawako peke yao katika hili. Uingereza iko bendi ya roki iitwayo Yes, iliyoanza London mwaka 1968. Leo hakuna hata mmoja wa waanzilishi wake watano anayepiga ndani yake, na bado watu wanasafiri mbali kwenda kuiona. Wanachokwenda kukitafuta, kaseti haiwezi kukitoa. Kaseti inatunza sauti ya marehemu vilevile ilivyokuwa, hilo tunashukuru. Lakini kaseti haifundishi kijana kushika gita, haimsahihishi akikosea, haimsubiri mzee wa Rufiji avuke maji aje. Kupokezana kunahitaji mtu aliye hai amkabidhi mtu aliye hai.

Kanisa lina neno la jambo hili: Mapokeo. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Mbele kidogo anamwagiza ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Hesabuni: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne ndani ya mstari mmoja! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 8, unafundisha kwamba Mapokeo haya yanasonga mbele katika Kanisa kwa msaada wa Roho Mtakatifu. Yanasonga, hayakugandishwa.

Lakini tusipitilize upande wa pili. Yule mwimbaji kijana hakupanda jukwaani akaimba anachojisikia. Alijifunza wimbo, akajua wapi pa kungoja, wapi pa kuitikia. Anayebadilisha kila kitu na kuacha jina tu, huyo naye hajapokea kitu.

Somo la tatu: mahali mfano unapoishia

Hapa naomba msikilize vizuri, maana kila mfano una mwisho wake.

Bendi inawakumbuka waanzilishi wake. Inawaheshimu. Mwaka 2013, mzee Gurumo alipostaafu bila hata usafiri wake, Diamond Platnumz, kijana wa muziki tofauti kabisa, alimzawadia gari. Lilikuwa tendo zuri la kushukuru. Lakini hakuna heshima wala zawadi inayoweza kumrudisha marehemu jukwaani.

Kanisa si hivyo. Kristo alikufa mara moja, akafufuka, na katika mistari ya mwisho ya Mathayo anaahidi kuwa pamoja nasi siku zote. Kwa hiyo Misa si onyesho la kumkumbuka mwanzilishi aliyeondoka. Padre anapoadhimisha Ekaristi anatenda kwa nafsi ya Kristo Kichwa. Padre aliyenibatiza hakuwa mwenyewe. Aliyemfuata naye si mwenyewe. Nami nikifika, sitakuwa mwenyewe. Mwenyewe ni mmoja, na yupo.

Swali la Mwalimu lilinichukua siku tatu kulijibu. Jumatatu nikamwambia, "Mwalimu, watu wakisema siyo mwenyewe, watakuwa wamesema kweli. Mwenyewe ni Yesu." Akanitazama, akasema, "Ehe. Sasa nenda kafundishe watoto wa Komunyo ya kwanza, wanakusubiri."

Vijana wenzangu, wengi wetu tunabaki nyumbani tukisema parokia siku hizi haina ladha, yule padre wa zamani ndiye alikuwa padre, kwaya ya enzi zile ndiyo ilikuwa kwaya. Wengine tunaangalia misa kwenye simu tukiwa tumelala, wakati miguu tunayo na kanisa liko karibu. Kwa mgonjwa simu ni msaada mkubwa. Kwa mzima inakuwa redio ya dunguni: unasikia, lakini hujafika. Mwalimu alisafiri na magoti yake mabovu kwa ajili ya bendi. Mimi na wewe tunashindwa nini?

Ile barua sikuimaliza. Sisemi kwamba maswali yangu yote yamekwisha. Lakini nimeacha kuhesabu nani hayupo, nimeanza kujifunza sehemu yangu ya kuitikia.

Maswali ya kujadili katika kikundi (VIWAWA, TYCS au jumuiya)

1. Ni nani aliyekukabidhi imani? Mtaje kwa jina. Kama amefariki, umeshamwombea mwezi huu?
2. Katika parokia yako, ni jambo gani unaliita "siyo lenyewe"? Je, kilichobadilika ni wimbo, au ni mwimbaji tu?
3. Soma tena Ezra 3:12-13. Wewe uko kundi la wanaolia au la wanaoshangilia? Utamsikilizaje aliye kundi la pili?

Tendo la wiki: Mtafute mzee mmoja wa jumuiya yako. Muulize alisalije alipokuwa na umri wako, na ni jambo gani bado anatamani kulifanya kabla hajaitwa. Likiwa ndani ya uwezo wako, mpeleke.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe unayebaki wakati sisi tunapita, uwapokee waliotukabidhi imani na sasa wamelala. Utupe masikio ya kujifunza, sauti ya kuitikia, na miguu ya kufika mahali ulipo. Usituache tuikumbatie jana hadi tukukose leo. Amina.