Matayarisho ya Shamba la Matunda na Mboga Kabla ya Mvua ya Kwanza

Maneno kwa wakulima wa Mwamgongo na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mkulima mwenzangu,

Kiangazi cha upande wetu wa Kigoma huanza mwezi wa Mei, nacho huendelea hata Septemba. Mvua za kwanza huonekana mwishoni mwa Septemba au katika Oktoba, na ifikapo Novemba huwa zimeshika kweli kweli. Watu wengi huyahesabu majuma ya mwisho wa kiangazi kuwa ni majuma ya kupumzika, kwa kuwa ardhi ni ngumu, jua ni kali, na jembe halizami. Katika somo hili nataka kukuonyesha kwamba majuma hayo ndiyo yaamuayo kama udongo wako utabaki shambani au utashuka ziwani.

Fikiri jinsi nchi ya Mwamgongo ilivyo. Nyumba ziko chini karibu na ufuko. Nyuma yake imesimama milima mikali, na mashamba ya migomba, mihogo, maharagwe na michikichi yamepanda mlimani. Mahali pasipofunikwa kitu, mvua ya kwanza hukuta ardhi haina nguo. Tone la mvua likipiga udongo mtupu huuvunja kuwa unga, na unga huo huziba vitundu vya ardhi hata maji yasiweze kuingia. Maji yasiyoingia hayana njia ila kukimbia, nayo hukimbia na udongo wa juu ulio na rutuba. Mkulima akiisha kupoteza udongo huo, hawezi kuununua tena.

Ukisafiri kwa boti kutoka Kigoma kwenda Mwamgongo utapita mbele ya msitu wa Gombe, uliohifadhiwa tangu mwaka 1943 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Milima ya huko ni mikali kama yenu, na mvua ni ile ile. Lakini miti na majani makavu yaliyoanguka chini huyapokea maji polepole. Basi kasoro si mlima wala mvua. Kasoro ni ardhi iliyoachwa uchi. Tena hasara haiishii shambani. Wataalamu waliochunguza pwani za ziwa hili wameona kwamba pale tope linapoingia kwa wingi, aina za samaki wa miambani hupungua.

1. Usiwashe moto

Majani makavu, mabua na makuti ya migomba si uchafu wa kuteketezwa. Ni blanketi la ardhi. Yakate, uyalaze kwa kukingama mlima, yaani yasielekee juu na chini. Mashada matupu ya mchikichi, yaliyokwisha kupukuchuliwa, nayo yafaa sana kufunika shina la mgomba. Kama jirani zako huwasha moto mlimani, fyeka ukanda wenye upana wa hatua tano kuzunguka shamba lako mapema, kabla majani hayajakauka kabisa.

2. Shauriana na mwenye shamba la juu

Watu wengi hulisahau jambo hili, kisha hulaumu matuta. Ukichimba matuta mazuri, na mwenye shamba lililo juu yako hakuchimba, maji yake yatakuja kwa nguvu na kuyavunja yako yote kwa usiku mmoja. Kadhalika maji yako wewe huishia katika shamba au nyumba ya aliye chini. Basi kabla ya kushika jembe, panda umwone jirani wa juu. Mkubaliane siku za kazi, msaidiane, na kazi ianzie juu kushuka chini. Anayeanza chini huichelewesha hasara tu.

3. Pima mistari, kisha chimba

Tuta lisilopimwa ni hatari kuliko kutokuwa na tuta, maana maji hukusanyika mahali palipo chini na kupasua hapo. Kipimo waweza kukitengeneza mwenyewe. Twaa miti miwili iliyonyoka, yenye urefu wa futi 7. Ifunge pamoja kwa juu, uitanue miguu yake iachane kwa futi 6. Funga mti wa tatu uliolala katikati, umbo liwe kama herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya mti uliolala.

Sasa simamisha miguu juu ya vigingi viwili, utie alama mahali kamba inapogusa mti uliolala. Kisha geuza kipimo, mguu wa kushoto ukae mahali pa mguu wa kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Anza upande mmoja wa shamba, usogeze mguu mmoja mpaka kamba itulie katikati, piga kigingi, endelea hivyo hata mwisho.

Ili kupata mstari wa pili, shuka mpaka macho yako, ukitazama mbele sawasawa bila kuinua wala kuinamisha kichwa, yaone chini ya vigingi vya mstari wa kwanza. Hapo uliposimama ndipo mstari wa pili unapopita.

Penye mstari chimba mtaro wenye upana wa futi 2 na kina cha futi 1 na nusu, udongo uutupe upande wa juu uwe tuta. Kila hatua tano acha kizuizi kidogo ndani ya mtaro, ili maji yatulie yanywewe na ardhi, yasitiririke kwenda upande mmoja. Juu ya tuta utapanda matete kwa chakula cha mbuzi, au machipukizi ya mananasi ambayo yatashika udongo na kukupa fedha. Mahali ambapo udongo ni mfupi na mwamba uko karibu, usichimbe. Panga mawe na takataka katika mstari uliopima. Na mahali palipo wima mno, waachie miti.

Tena usikate mlima kuwa ngazi pana kwa kufukua udongo wa chini na kuuleta juu. Huko milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, watu walilazimishwa katika miaka ya 1950 kuchimba ngazi za namna hiyo. Kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba ukatokea juu, na mwaka 1955 pakatokea ghasia. Kazi ya kulinda udongo hudumu pale mwenye shamba anapoona faida yake katika mavuno yake.

4. Mashimo ya miti ya matunda

Chimba mashimo sasa, usingoje mvua. Kwa mgomba, shimo liwe na upana wa futi 3 na kina cha futi 2. Kutoka mgomba hata mgomba iwe futi 10. Udongo wa juu uuweke upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Wakati wa kujaza, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, uutie kwanza. Kwa mchungwa na mparachichi fanya vivyo hivyo, lakini nafasi iwe kubwa zaidi.

Chagua chipukizi la mgomba lenye majani membamba kama upanga, kutoka katika shina lenye afya. Usilete chipukizi kutoka mahali usipopajua. Upo ugonjwa ambao umekwisha kuonekana mkoani Kigoma, ambao majani ya mgomba husimama juu yamesongamana, membamba na mafupi, wala mgomba hauzai. Huenezwa na machipukizi na vidudu mafuta. Ukiuona mgomba kama huo, mwite Bwana Shamba. Usiugawe wala kuuhamisha.

Mwembe wenye maua au matunda usiukate matawi mabichi. Ondoa yaliyokauka tu.

5. Mbolea ya takataka

Mbolea hii huchukua karibu miezi mitatu kuiva. Basi ianze mwishoni mwa Julai. Chagua mahali penye kivuli. Panga tabaka la takataka kavu lenye unene wa inchi 6, tabaka la majani mabichi, inchi 2 za samadi, na majivu na udongo kidogo. Nyunyizia maji, urudie hivyo hata lundo lifike kimo cha kifua. Lifunike kwa majani ya migomba. Chomeka fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa nayo ni ya moto na ina unyevu, kazi yaendelea. Ikiwa kavu, ongeza maji. Lipindue lundo kila baada ya majuma matatu. Mgomba mgonjwa usiutie humo.

6. Kitalu cha mboga

Fanya kitalu chenye upana wa futi 3, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Panda mbegu katika mistari yenye nafasi ya inchi 6, ujenge kichanja chepesi cha kivuli. Kwa mwanzo wa mvua otesha nyanya chungu na biringani kitaluni. Lenga lenga, bamia na maboga panda shambani mvua ikitua. Nyanya za kawaida huugua bakajani mvua zikizidi. Ni heri kuziweka kwa mwisho wa masika.

Usilime hata ukingo wa kijito wala ufuko wa ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kazi ziwezazo kuharibu kingo hizo. Hata bila sheria, ukingo uliolimwa huchukuliwa na maji pamoja na mboga zake.

7. Mpango wa kazi

Julai: anza lundo la mbolea, fyeka ukanda wa moto.
Agosti: shauriana na jirani, pima mistari, anza matuta ya juu.
Septemba: maliza matuta; chimba mashimo; tengeneza kitalu.
Oktoba: jaza mashimo, funika ardhi, mvua ikilowesha udongo vizuri, panda matete, mananasi na miche.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usikae ndani. Twaa jembe, uende ukatazame maji yanapita wapi. Palipopasuka paziba siku ile ile, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiona maji yametulia katika mitaro, na yale machache yanayoshuka kwa jirani yako ni meupe, ujue kazi yako ya jua kali imekuwa njema.